Kibarua Asiye na Jina: Masuala ya Kazi ya Bandari na Kariakoo Mbele ya Bunge

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia



Mada niliyopewa inahusu masuala ya jamii na ya kazini ambayo Mbunge huyafikisha Bungeni. Nimemwomba Mwenyekiti ruhusa ya kuibana mada hiyo ienee katika eneo letu tu, yaani bandari na Kariakoo. Mtu akijaribu kuzungumza juu ya wafanyakazi wote wa Tanzania ndani ya saa moja, mwishowe huwa hakuzungumza juu ya mfanyakazi yeyote.

Kanisa kuu letu, ambalo msimamizi wake ni Mtakatifu Yosefu, mtu wa kazi za mikono, limesimama likitazama bandari. Anayetoka misa ya alfajiri huziona meli kabla ya kuiona barabara. Saa hiyohiyo, upande wa pili wa mji, wamekwisha kusimama wanaume wengi wakingoja kuchaguliwa kwa kazi ya siku moja. Sote tunaufahamu mfano wa Bwana wetu juu ya mwenye shamba la mizabibu aliyewakuta watu sokoni mpaka saa kumi na moja bila kazi. Nimeusikia ukihubiriwa mara nyingi, na karibu kila mara tumeambiwa habari za wale wanaochelewa kuongoka. Ni mara chache sana nimesikia ikielezwa kwamba wale walikuwa vibarua, kwamba walisimama juani kutwa kwa sababu hakuna aliyewaajiri, na kwamba mwenye shamba, pamoja na ukarimu wake, aliwalipa jioni ileile kama Torati ilivyoagiza. Mimi si mwalimu wa Maandiko, na Baba Paroko atanisahihisha. Lakini naona kwamba mfano ule ungeeleweka upesi zaidi kwenye malango ya bandari kuliko mahali pengi tunapoutolea.

Nianze na tukio moja. Miaka kadhaa iliyopita alifika katika kamati yetu baba mmoja wa makamo, mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa. Vidole viwili vilikuwa vimebanwa baina ya mzigo na ukuta wa ghala. Tulimwuliza swali tulilodhani ni jepesi: mwajiri wako ni nani? Hakujua. Alilijua jina la utani la msimamizi aliyekuwa akiwachagua asubuhi, na aliijua rangi ya kizibao walichopewa kazini na kunyang'anywa jioni. Alikuwa amefanya kazi mahali hapo kwa miezi 14, siku nne au tano kila juma, akilipwa taslimu bila kutia sahihi popote. Alipoumia alipewa nauli na fedha kidogo ya dawa, kisha hakuchaguliwa tena. Kampuni yenyewe sitaitaja, maana kwa mwenendo huo haikuwa ya pekee.

Tulikuwa karibu kumwambia kwamba hatuna la kumsaidia. Ndipo mkewe, aliyekuwa amekaa kimya pembeni, akatoa daftari la shule. Mama huyu alikuwa akipika vitumbua, na kwa kuwa fedha ya nyumba haikutosha, kila jioni aliandika kiasi alicholeta mumewe: tarehe, fedha, na siku aliyokosa kazi aliandika neno moja, "hakuna". Hakuandika kwa ajili ya sheria. Aliandika ili ajue kama kesho ataweza kununua mchele. Lakini daftari lile lilikuwa na miezi yote 14, na ndilo lililokuwa kumbukumbu pekee duniani kwamba mtu yule alipata kufanya kazi bandarini.

Hapa inatubidi kutua kidogo, kwa sababu sheria yetu imelifikiria jambo hili vizuri kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema juu ya mtu anayefanya kazi kwa ajili ya mtu mwingine. Atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata jambo moja kati ya kadhaa zilizotajwa: kwamba namna ya kufanya kazi yake inaongozwa na mwingine, au saa zake zinapangwa na mwingine, au anapewa vitendea kazi, au anategemea riziki yake kwa huyo anayemfanyia kazi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Tafadhali lipigeni hesabu jambo hili la mwisho. Saa 45 kwa mwezi ni siku tano za kazi ya saa tisa. Huyo ambaye sisi sote tunamwita kibarua, naye mwenyewe anajiita kibarua, sheria inaweza kumwita mwajiriwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi anapoanza kazi: cheo au aina ya kazi, tarehe ya kuanza, mahali, saa, ujira. Inaongeza jambo ambalo ningependa kila kiongozi wa jumuiya alikariri: ukitokea mgogoro, na mwajiri akashindwa kuyaonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unakuwa juu yake, si juu ya mfanyakazi. Mwajiri asiyeandika hajifichi kwa kutoandika. Kinyume chake, anajifunga.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo ina mlango mwembamba. Mfanyakazi aliyekaa chini ya miezi sita na mwajiri huyohuyo hapati ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Mjanja huupenda mlango huo. Humwacha kijana mwezi wa tano, humwambia apumzike kidogo, kisha humrudisha kana kwamba hawajuani. Isitoshe, muda wa kulalamika ni mfupi. Dai la kuachishwa kazi hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Baba yule alitufikia siku ya 49. Dai la kwanza lilikuwa limekwisha kuchelewa, na kuomba kuongezewa muda kunahitaji sababu nzito. Kwa dai la ujira wa saa za ziada na likizo tulibakiwa na siku 11. Alipoteza majuma hayo saba akingoja msimamizi apige simu.

Mbele ya msuluhishi, mwakilishi wa kampuni alisema hamfahamu. Tuliliweka daftari mezani. Msuluhishi akauliza kampuni inayo maandishi gani kwa tarehe zile, na hayakuwapo. Mwishoni alilipwa, ingawa ni chini ya nusu ya alichodai, na alikubali kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa. Dai la fidia ya vidole lilikwenda njia nyingine na lilikawia sana, kwani siku ya ajali hakuna mtu aliyeiripoti mahali popote. Nalisema hili kusudi asiwepo anayedhani nimekuja kuhubiri ushindi.

Sasa, jambo hili la kutoandikwa si geni katika mji wetu. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wa Vita Kuu ya kwanza, kilichoitwa Carrier Corps, ambacho kilipiga kambi hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Wapagazi waliokufa katika vita vile Afrika Mashariki walikuwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia kamwe jamaa zao. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba kumbukumbu za majina na vijiji vyao hazikuwa kamili. Kila tunapotaja jina la soko letu tunawataja watu hao, bila kujua hata mmoja wao aliitwaje.

Bandarini nako mapambano yalianza na vibarua. Waligoma Julai 1939 bila kufanikiwa. Waligoma tena mwaka 1943, wakati wa vita. Septemba 1947 mgomo wao ulienea nje ya bandari, ukafuata reli mpaka bara, na safari hiyo walipata nyongeza ya ujira na wakaunda chama chao. Tujiulize: wakati ule nani aliwasemea katika Baraza la Kutunga Sheria? Waafrika wa kwanza kuingia katika baraza lile waliteuliwa mwaka 1945, nao walikuwa wawili, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Siwadharau, lakini wote wawili walikuwa machifu kutoka bara, na kuli wa Dar es Salaam hakuwa na mtu wake pale ndani. Alisema kwa kukunja mikono.

Mwaka 1950 ulizuka mgogoro mwingine, nao unafaa kuangaliwa kwa makini kwa sababu unaipinga kidogo hoja yangu. Safari ile wakubwa walileta utaratibu mpya wa kuwaandikisha na kuwachagua vibarua, na vibarua waliukataa. Palitokea fujo na damu ilimwagika, na chama chao kikafutwa. Kwa nini watu wanaoteseka kwa kutoandikwa wakatae kuandikwa? Naamini ni kwa sababu orodha ile ilikuwa mkononi mwa mwajiri na serikali ya kikoloni. Ilimwezesha mkubwa kujua nani wa kumfungia lango, bali haikumpa kibarua uhakika wa kesho. Wale waliosoma riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979 na kusimulia habari za makuli wa Unguja, watakuwa wamekutana na hofu ya namna hii. Basi tutakapofika kwenye mapendekezo, tulikumbuke swali hili: daftari ni la nani?

Baadaye wafanyakazi walipata mtu wao barazani. Rashidi Kawawa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi tangu mwaka 1955, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Miaka mitano baadaye alikuwa Waziri Mkuu, na ni katika mwaka huo wa 1962 ambapo Bunge lilipitisha sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Mwaka 1964 shirikisho aliloliongoza lilivunjwa na mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja chini ya Serikali. Tuwe waadilifu: miaka hiyohiyo ilileta pia Sheria ya Usalama wa Kazi na Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, na wazee wetu wengi walijenga nyumba kwa akiba hiyo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kumpeleka mtu wako Bungeni na kwenda kulala hakutoshi, hata kama mtu huyo ametoka tumboni mwa chama chenu.

Nije kwenye Bunge la leo. Katiba, Ibara ya 63, inampa Mbunge haki ya kumwuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 inamlinda kwa lile analolisema mle ndani. Swali la msingi huandikwa na kupelekwa mapema kwa Katibu wa Bunge, Wizara hutayarisha jibu, na likishasomwa Mbunge husimama kuuliza maswali ya nyongeza. Yote huingia katika Taarifa Rasmi, ambazo ziko kwa Kiswahili na kila mtu anaweza kuzisoma.

Baada ya shauri la yule baba mwenye daftari, wajumbe watatu tulikwenda kumwona Mbunge mmoja. Alitupokea vizuri. Alipokwisha kutusikiliza alisema, "Wazee wangu, mkinipa swali kwamba vibarua wananyanyaswa bandarini, nitaliuliza. Nitajibiwa kwamba sheria ipo, na kwamba mwenye malalamiko ayapeleke kunakohusika. Baada ya hapo sina pa kushika. Nipeni gati, nipeni mwezi, nipeni idadi ya watu."

Nakiri kwamba wakati ule niliudhika. Niliona kama anatukwepa. Nilipofika nyumbani na kufikiri, nikaona kwamba mtu yule alituambia ukweli kuliko wale wanaotuahidi kupiga kelele. Tena kuna tatizo ambalo hatukulijua siku ile. Bandari iko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Masuala ya kazi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Soko la Kariakoo linahusu Serikali za Mitaa. Swali lisilochongwa vema hupelekwa kwa Waziri ambaye anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba jambo hilo si lake.

Hebu tuangalie mfano mkubwa. Tarehe 10 Juni 2023 Bunge liliridhia makubaliano baina ya Tanzania na Dubai juu ya uendeshaji wa bandari. Maaskofu wetu walitoa tamko lao tarehe 18 Agosti mwaka huo, nanyi mlilisikia likisomwa makanisani. Oktoba mikataba ikatiwa sahihi, na mwaka 2024 kampuni ya DP World ikaanza kazi. Sirudii mjadala ule. Nautazama upande mmoja tu. Wengi waliuliza juu ya hatima ya wafanyakazi, na Serikali ikaahidi kwamba hakuna atakayepoteza ajira. Ahadi hiyo ilikuwa nzuri kwa mwenye barua ya ajira. Lakini kibarua hana, kwa maandishi, ajira ya kupoteza. Anaweza kuondolewa jioni moja, na ahadi iliyotolewa Bungeni ikabaki imetimizwa kikamilifu. Hali ilikuwa hiyohiyo mwaka 2000, kitengo cha makontena kilipokabidhiwa kampuni binafsi kwa mara ya kwanza. Wala wakala wa ajira hawakuanza jana: mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni za kuwazuia wasijifanye wao ndio waajiri, kwa kuwa mfanyakazi alikuwa hajui amdai nani.

Kwa Kariakoo nitasema machache, maana mambo yake yanahitaji siku yake. Tusiwachanganye watu. Msichana anayeuza dukani kuanzia saa mbili asubuhi hadi usiku ni mwajiriwa, hata kama mwenye duka ni shangazi yake, na sheria ya saa 45 kwa juma inamhusu. Mbeba mizigo anayemsaidia yeyote anayemwita hana mwajiri, na tukimpeleka Tume tutamsumbua bure. Shida zake ni choo, maji, ushuru, mahali pa kuegesha mkokoteni, na hizo ni za Diwani kabla ya kuwa za Mbunge. Parokia zetu zina tabia ya kumrukia Mbunge kwa mambo ambayo Diwani, anayeishi mtaa wa pili, hajawahi kuulizwa.

Jambo moja la Kariakoo, hata hivyo, lilinigusa kwa namna ya pekee. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Nilifikiri juu ya maduka mengi ninayoyajua, ambayo hayana hata karatasi moja ya majina ya wanaofanya kazi ndani. Duka la namna hiyo likifunikwa na kifusi, mwokoaji atamwuliza nani kwamba wamo wangapi? Tunapodai mkataba wa maandishi, watu hudhani tunadai fedha peke yake.

Basi napendekeza jambo dogo, nalo lianze katika jumuiya tatu zilizo karibu na bandari. Kila nyumba yenye kibarua iwe na daftari. Aandike tarehe, mahali, saa ya kuingia na kutoka, fedha aliyopewa, jina la msimamizi hata kama ni la utani, na namba ya gari au jina la meli akiweza. Akiumia, iandikwe siku ileile pamoja na majina ya walioona, na apewe taarifa mwajiri mapema, kwani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri, na mfanyakazi hakatwi kitu kwa ajili yake. Daftari likae nyumbani. Nasisitiza: likae nyumbani, si kwa katibu wa kamati, si kwa Mbunge, wala si kwangu. Kamati ichukue hesabu tu, bila majina, isipokuwa mwenyewe ameomba. Vibarua wa mwaka 1950 walikuwa na sababu ya kuogopa orodha, na baadhi ya watu wetu wataogopa vilevile. Tusiwalazimishe. Kijana aliyeniambia juzi kwamba akionekana anaandika hatachaguliwa kesho hakuwa mwoga. Alikuwa anasema habari anazozijua kuliko mimi.

Baada ya miezi mitatu hesabu hizo zitatuwezesha kusema: katika magati fulani, katika miezi fulani, watu kadhaa walifanya kazi zaidi ya saa 45 kwa mwezi bila maandishi yoyote. Hapo Mbunge atakuwa na pa kushika, na swali litakwenda kwa Ofisi ya Waziri Mkuu kabla ya mkutano wa bajeti unaoanza Aprili, si baada yake kama tulivyofanya mara ya kwanza. Jibu likitoka, liletwe hapa lisomwe kwa sauti, na lile ambalo halikujibiwa liandikwe upya.

Mwenyekiti ameniambia kwamba muda wangu umekwisha. Yule mama wa vitumbua amekubali kuja kutuonyesha namna alivyoyapanga madaftari yake, na yuko pale nyuma karibu na mlango. Wajumbe wa jumuiya za bandarini naomba mbaki baada ya chai. Nimenunua madaftari 40, na kalamu.